Nani Amebaki? Hesabu ya Kikosi cha Mazembe Kabla ya Msimu

Wiki chache kabla ya ligi kuanza, Lubumbashi huwa na mazungumzo mawili yasiyohitaji utangulizi. La kwanza ni bei ya unga. La pili ni orodha ya wachezaji. Kwa kinyozi wa Katuba, kwenye meza za wabadilisha fedha mjini, kwenye baa za Kamalondo ambako chupa ya bia ya Simba hupoa taratibu kuliko hoja, jina moja la winga wa miaka 19 linaweza kula saa nzima. Amekomaa au bado? Apewe namba au apelekwe kwa mkopo? Na yule straika aliyekuja kutoka nje, anamzibia njia nani?

Ukisikiliza kwa makini utakuta kambi mbili, na hazijabadilika kwa miaka mingi. Kambi ya kwanza inasema wachezeshwe batoto ba kwetu: tuna kituo cha kulea vipaji, tuna viwanja vya vumbi vinavyotoa mafundi kila mwaka, kwa nini tununue? Kambi ya pili inajibu kwamba Tout Puissant Mazembe si shule ya chekechea. Klabu iliyochukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mara tano haina nafasi ya kumfundisha mtu kazi mbele ya Al Ahly. Mleteni mtu aliyekwisha iva.

Kila upande una ushahidi wake, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Lakini ukiipitia historia ya klabu hii kikosi baada ya kikosi, utaona kwamba swali la mchezaji ametoka wapi halijawahi kuamua kombe. Mazembe imeshinda kwa vijana wa nyumbani, imeshinda kwa wageni, imeshinda kwa mchanganyiko. Swali linaloamua ni jingine, na halisikiki sana kwenye baraza: nani amebaki?

Shule iliyozaa timu

Timu hii yenyewe ilianza kama suala la vijana. Mwaka 1939, wamonaki wa Kibenedikto waliokuwa wakiendesha shule ya Saint-Boniface huko Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, waliunda timu ya kandanda kwa ajili ya wanafunzi wao na kuiita Saint-Georges. Baadaye ikawa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi. Mwaka 1966 ikamaliza ligi bila kupoteza mechi, ikapewa sifa ya Tout Puissant, yaani mwenye nguvu zote. Jina Mazembe lilikuja kushika wakati wa Rais Mobutu na siasa yake ya kurudisha majina ya asili.

Kikosi cha miaka ile ndicho bazee wa Kamalondo wanakipimia kila kikosi kilichofuata, na wana haki. Kati ya 1967 na 1970 Englebert ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mara nne mfululizo. Ilichukua la 1967, baada ya kutoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana na Waghana kutotokea kwenye mechi ya tatu. Ikachukua la 1968 dhidi ya Étoile Filante ya Togo, ikawa klabu ya kwanza kulitetea kombe hilo. Ilipoteza mbili zilizofuata, kwa Ismaily ya Misri na kwa Kotoko hao hao. Ilipita miaka 36 kabla klabu nyingine, Enyimba ya Nigeria, haijaweza kulitetea tena, mwaka 2004.

Fainali nne katika miaka minne hazitokani na bahati ya usajili mmoja. Zinatokana na watu walewale kuamka asubuhi ileile na kwenda uwanja uleule. Kipa Kazadi Mwamba, aliyedaka katika enzi hiyo, ndiye aliyedaka pia kwenye Kombe la Dunia la 1974 kule Ujerumani Magharibi. Pamoja naye walikuwepo Mwepu Ilunga na Bwanga Tshimen, mchezaji bora wa Afrika wa 1973, wote wa Mazembe.

Hapa inabidi tuseme kweli yote. Kubaki kwa kizazi kile hakukuwa hiari tupu. Mobutu aliwaita nyumbani Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji, kisha akafunga mlango wa kutokea. Ule utulivu wa kikosi tunaousifu leo ulilindwa na serikali iliyowanyima vijana haki ya kwenda kutafuta maisha. Shabiki anayetamani enzi ile irudi akumbuke anatamani nini hasa.

Miaka 12 ya kusubiri

Baada ya Kombe la Washindi la 1980, ukame wa bara ulidumu miaka 29. Moïse Katumbi alishika urais wa klabu mwaka 1997, na wengi hueleza yaliyofuata kwa neno moja: pesa. Neno hilo lina ukweli, ila halielezi kwa nini pesa ilichukua miaka 12 kuzaa kombe la Afrika.

Tazama waliokuwepo kombe liliporudi 2009. Kipa Muteba Kidiaba alikuwa klabuni tangu 2002. Trésor Mputu, mtoto wa Kinshasa, naye tangu 2002. Pamphile Mihayo Kazembe, kiungo, alikuwa nahodha aliyezeekea kwenye jezi nyeusi na nyeupe. Hawa walikuwa wameshindwa pamoja mara nyingi kabla ya kushinda. Fainali ya 2009 dhidi ya Heartland ya Nigeria walipoteza 2-1 ugenini, wakashinda 1-0 Lubumbashi, na goli la ugenini likawapa kombe. Ushindi mwembamba kama huo hupatikana kwa watu wanaojuana hata kwa kukohoa.

Mwaka uliofuata uliwajaribu kwa namna nyingine. Mputu, aliyekuwa ametajwa mchezaji bora wa michuano ya CHAN ya 2009, alifungiwa na FIFA kwa mwaka mzima kufuatia vurugu dhidi ya mwamuzi katika mechi ya Kombe la Kagame mjini Kigali. Timu nyingine ingeanguka kwa kukosa nyota wake. Mazembe iliifunga Espérance ya Tunis 5-0 katika fainali ya kwanza, ikatoka 1-1 kule Tunisia, na Desemba 2010 ikaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Ikaitoa Pachuca ya Mexico kwa goli la Bedi Mbenza. Ikaitoa Internacional ya Brazil kwa magoli ya Mulota Kabangu na Dioko Kaluyituka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Afrika kufika fainali ile, na kushindwa 3-0 na Inter Milan ya Samuel Eto'o hakujafuta kitu. Dunia ilikumbuka Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Mchambuzi angekumbuka zaidi kwamba kocha Lamine N'Diaye wa Senegal alimkosa mchezaji wake bora na timu haikuyumba. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya watu kubaki: pengo la mmoja linajazwa na mazoea ya wengine.

Wageni nao walisubiriwa

Kambi ya kununua huwa inatoa ushahidi wa Mbwana Samatta, na wasomaji wa Tanzania wanaujua vizuri. Mwaka 2011 Simba ilikutana na Mazembe katika Ligi ya Mabingwa, ikafungwa nyumbani na ugenini, lakini kijana mmoja wa Simba aliwasumbua mabeki wa Lubumbashi kiasi cha Mazembe kumsajili mwaka huohuo. Muda si mrefu akafuatiwa na Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu. Kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa walikuja pia Wazambia: Rainford Kalaba, Stoppila Sunzu, Nathan Sinkala. Sunzu ndiye aliyefunga penalti iliyoipa Zambia ubingwa wa Afrika mwaka 2012.

Huu ni usajili mzuri, hakuna ubishi. Lakini tuhesabu miaka. Samatta alifika 2011, na kombe la Ligi ya Mabingwa likafika 2015. Katikati hapo alikuwa kijana anayejifunza, anayekaa benchi siku nyingine, anayezoea ugali wa bukari na Kifaransa cha kocha. Alipoiva aliongoza kwa magoli katika Ligi ya Mabingwa ya 2015. USM Alger ikafungwa 2-1 kwao Algiers na 2-0 Lubumbashi, na Januari 2016 akatawazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Kisha akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akafika Aston Villa.

Kwa hiyo hata mgeni huyu alikuwa zao la kulea. Alikuja mbichi akaivia Kamalondo. Na pembeni yake mwaka 2015 walisimama Kidiaba, Joël Kimwaki na Jean Kasusula, watu wa kikosi cha 2010, wakiwafundisha wageni namna mechi ngumu inavyochezwa. Kiini hicho kikaendelea kuzaa hata baada ya Samatta kuondoka: Kombe la Shirikisho la 2016 dhidi ya MO Béjaïa ya Algeria, na la 2017 dhidi ya SuperSport United ya Afrika Kusini, hilo la pili kocha akiwa Mihayo Kazembe, nahodha yule wa zamani. Hata kocha alikuwa mtu aliyebaki.

Dirisha la misimu mitatu

Kama kubaki ndiko kunakoshinda, kwa nini klabu isiwazuie wote? Hapa ndipo mabishano ya baa hukutana na sheria.

Mashabiki wa besiboli kule Marekani nao huwa na msimu wao wa kubishana, Februari na Machi, timu zinapokuwa mazoezini. Wanachambua vijana wao kwa utulivu unaomshangaza shabiki wa Afrika, kwa sababu sheria ya ligi yao inawapa muda: kwa kawaida timu inashikilia haki za mchezaji mpaka atimize misimu sita katika ligi kuu, ndipo awe huru kuchagua pa kwenda. Shabiki anaweza kupanga kikosi cha miaka mitano ijayo kwenye kijikaratasi na asiwe mwotaji.

Kandanda haitoi muda huo. Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji usizidi miaka mitano, na wa aliye chini ya miaka 18 usizidi mitatu. Uhamisho wa kimataifa hauruhusiwi kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache. Sasa fanya hesabu. Kijana anaingia timu ya wakubwa ana miaka 18. Anasaini miaka mitano. Ukifika mwaka wa tano bila kumwongezea mkataba, anaondoka bure, kwa hiyo ukitaka kuona fedha lazima umuuze mwaka wa tatu au wa nne. Mwaka wa kwanza alikuwa akijifunza. Klabu basi inafaidi miguu yake kwa misimu miwili, mitatu ikibahatika. Baada ya hapo inabaki na fungu lake la asilimia 5 ya mshikamano, ile ambayo kila anapouzwa kwa fedha katika nchi nyingine hugawanywa kwa klabu zilizomfundisha kati ya miaka 12 na 23.

Hayo si nadharia. Jackson Muleka, mtoto aliyepita katika akademia ya Katumbi, alifunga magoli ya kutosha Lubumbashi kiasi kwamba mwaka 2020 Standard Liège ya Ubelgiji ikamchukua, kabla hajatimiza miaka 21. Ben Malango alikwenda Raja Casablanca 2019, na msimu huohuo Raja ndiyo iliyoitoa Mazembe katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Meschack Elia, mchezaji bora wa CHAN ya 2016 ambayo Kongo ilichukua kule Rwanda, aliondoka 2019 katikati ya mgogoro mkubwa na klabu, akakaa miezi bila mechi, kisha akatua Young Boys ya Bern mwaka 2020. Novemba 2025 ndiye aliyeisawazishia Kongo dhidi ya Nigeria mjini Rabat, katika mechi iliyoisha kwa penalti na Nigeria kutolewa kwenye safari ya Kombe la Dunia. Yeye amefika. Klabu ilibaki na pengo na kesi.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Muuze mmoja, hutasikia. Muuze wa pili, utasema akademia ipo. Wa nne akiondoka ndipo unagundua kwamba hakuna tena anayekumbuka namna ya kulinda goli moja dakika ya 85 ugenini.

Barabara ya Dar imegeuka

Zamani adui wa kikosi alikuwa Ulaya tu. Leo yuko karibu zaidi. Mwaka 2011 kijana wa Dar es Salaam aliona kwenda Lubumbashi ni kupanda ngazi. Miaka michache baadaye msafara ukageuka. Deo Kanda alitoka Mazembe kwenda Simba kwa mkopo 2019. Chico Ushindi akaenda Yanga 2022. Jean Baleke akaenda Simba Januari 2023. Na uwanjani mizani ikaonekana: katika makundi ya Kombe la Shirikisho ya msimu wa 2022-23, Yanga iliifunga Mazembe Dar na ikaifunga tena Lubumbashi, kisha ikaenda mpaka fainali. Januari 2025, katika Ligi ya Mabingwa, ikaifunga tena 3-1 Dar, na Mazembe ikamaliza mkiani mwa kundi lake.

Sababu si kwamba watoto wa Tanzania wameota miguu mipya. Ligi yao inaanza siku iliyotangazwa na inaisha na bingwa. Televisheni inaonyesha mechi, wadhamini wanalipa, mshahara unajulikana. Mchezaji mwenye miaka 22 anahitaji vitu viwili kuliko sifa, navyo ni mechi na malipo ya uhakika. Anakovipata, atabaki huko.

Ligi ya Kongo imemnyima mchezaji wake hata cha kwanza, yaani mechi. Msimu wa 2019-20 ulikatishwa na korona, Mazembe ikatangazwa bingwa. Huo tunausamehe, dunia nzima ilisimama. Lakini msimu wa 2022-23 nao haukufika mwisho. Miaka ya karibuni ligi imegawanywa kanda mbili kabla ya mechi za kuamua bingwa, kwa sababu kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 na basi la timu haliwezi kuzimaliza kwa barabara. Kila safari ni ndege, kila ndege ni deni. Kijana aliyekuwa na miaka 19 msimu uliovunjika hakurudishiwa mwaka ule. Wenzake wa Dar, Cairo na Pretoria walicheza mechi 30 au zaidi. Yeye alicheza mazoezi.

Kwa hiyo shabiki anaposema huyu mtoto hajakomaa, aulize kwanza: amepewa mechi ngapi za kumkomaza? Jijini hapa CS Don Bosco imekuwa mahali ambapo vijana wa Mazembe hupata dakika. Ni njia nzuri, ila mkopo kwenye ligi inayosimama ni sawa na kumpeleka mtoto shule ambayo mwalimu yuko kwenye mgomo.

Umri na karatasi

Hakuna mazungumzo ya vijana Lubumbashi yasiyofika kwenye umri, na kwa kawaida hufika kwa kicheko: huyu ana miaka 19 tangu lini? Kicheko hicho kina uzito. Watoto wengi wa Kongo hawaandikishwi wanapozaliwa, kwa hiyo cheti hutafutwa siku kinapohitajika, na siku hiyo kila mtu ana sababu ya kukikadiria kwa faida yake. Matokeo ni kwamba hata klabu yenyewe huenda haijui inamlea kijana au inamkopesha jina. Mtu unayemsubiri aive akiwa amekwisha iva, subira yako ni hasara.

Na karatasi zikikosewa, hata mabingwa huanguka. Mwaka huohuo wa 2011 ambao Mazembe iliwatoa Simba uwanjani, iliondolewa mezani kwa sababu uhalali wa kumchezesha Janvier Besala Bokungu ulipingwa na CAF ikakubaliana na walalamikaji. Bingwa mara mbili mfululizo alikosa nafasi ya kuchukua kombe la tatu mfululizo kwa kosa la ofisini. Kwenye orodha ya usajili wa msimu, basi, mtu wa kwanza wa kumuuliza ni katibu, kabla ya straika.

Mfuko wa mtu mmoja

Kuna jambo ambalo barazani husemwa kwa sauti ya chini. Vikosi hivi vyote vya tangu 1997 vimesimama juu ya mfuko wa mtu mmoja. Katumbi alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, akawa uhamishoni kuanzia 2016, akarudi Lubumbashi Mei 2019, akawa wa pili katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2023. Uwanja wa Kamalondo wenye viti zaidi ya 18,000, uliofunguliwa 2011, ni mali ya klabu, jambo ambalo klabu chache za ukanda huu zinaweza kusema. Inafaa pia kukiri kwamba makombe ya 2016 na 2017 yalikuja mwenyewe akiwa mbali, ishara kwamba nyumba ilikuwa imejengwa vizuri. Hata hivyo, mchezaji anapoamua kuongeza mkataba wa miaka mitatu, huwa anakisia pia siasa za miaka mitatu.

Wapinzani wa ng'ambo ya pili ya jiji hawana tofauti kubwa. Saint-Éloi Lupopo, timu ya wana reli wa enzi za ukoloni, nayo inahesabu umri wake tangu 1939, nayo imepata nguvu mpya chini ya rais ambaye ni mwanasiasa, Jacques Kyabula, aliyeingia ugavana wa Haut-Katanga mwaka 2019. Oktoba 2025 Lupopo iliifunga Orlando Pirates ya Afrika Kusini 3-0 Lubumbashi, ikafungwa 3-0 kule Soweto, ikapita kwa penalti na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mashabiki wa njano na bluu walikuwa na Krismasi ndefu. Ila swali ni lilelile: kikosi kile kitakuwa pamoja kwa misimu mingapi? Siasa ikibadilika, nani atabaki?

Wale tunaowasahau

Orodha inayojadiliwa barazani huwa ya wanaume. Ni kosa la uchambuzi, achilia mbali adabu. Kikosi cha Mazembe kilicholeta kombe la bara la karibuni zaidi ni cha wanawake. Walishiriki Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya CAF mwaka 2022 wakatolewa mapema. Hawakuvunjwa. Novemba 2024, chini ya kocha Lamia Boumehdi wa Morocco, waliwafunga AS FAR ya Morocco 1-0 katika fainali, tena katika ardhi yao, kwa goli la Marlène Kasaj. Miaka miwili ya kushindwa, kubaki na kurudi: ni hadithi ya 2009 kwa ufupi, ila ilipita huku wengi wakibishana kuhusu winga.

Hoja za wanaopinga

Mtu makini atanipinga kwa mambo matatu.

La kwanza: kubaki kunaweza kuwa kudumaa. Mputu alikaa Mazembe karibu miaka 12 kabla ya kwenda Kabuscorp ya Angola mwaka 2014, na mpaka leo watu hujiuliza angefika wapi kama angeondoka mapema. Ni kweli. Faida ya klabu na faida ya kijana si kitu kimoja, na klabu haina haki ya kumfunga mtu kwa jina la mashabiki. Anayebaki abaki kwa sababu mkataba ni mzuri, ligi inachezwa na timu inashinda.

La pili: wapo waliobaki na hawakushinda. Ni kweli pia. Mwaka 2024 Mazembe, N'Diaye akiwa amerudi benchi, ilichukua ubingwa wa 20 wa taifa na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ikatoka sare tasa na Al Ahly Lubumbashi, ikafungwa 3-0 Cairo. Kubaki hakutoshi peke yake, kunahitaji vipaji na kocha. Lakini sijaona kombe la bara la klabu hii lililoletwa na kikosi kilichokusanywa mwaka huohuo. Na angalia kilichofuata ile nusu fainali: msimu mmoja baadaye, mkiani mwa kundi.

La tatu: nyakati zimebadilika, klabu haiwezi kushindana na fedha za Uarabuni, Ulaya na sasa Tanzania. Hili ndilo zito. Jibu langu ni kwamba klabu haihitaji kuwazuia wote 25. Inahitaji kuwazuia saba au wanane: kipa, mabeki wawili wa kati, viungo wawili, na wachache wanaojua historia ya chumba cha kubadilishia nguo. Winga auzwe, straika auzwe, hao ndio wanaotafutwa na ndio wanaolipa mishahara ya wengine. Vikosi vya 2010 na 2015 vilikuwa na washambuliaji tofauti kabisa, lakini kipa alikuwa mmoja, na nyuma walibaki Kimwaki na Kasusula.

Namna ya kuisoma orodha

Kwa hiyo, ndugu msomaji, orodha ya msimu ikitangazwa, usiianze juu kwenye majina mapya yaliyoandikwa kwa wino mzito. Chukua kalamu. Weka alama kwa kila mchezaji anayeingia msimu wake wa tatu au zaidi. Weka alama ya pili kwa kila kijana aliyecheza mechi kumi za mashindano mwaka uliopita, si za kirafiki. Kisha angalia kama alama hizo ziko nyuma na katikati ya uwanja au zimetawanyika.

Zikifika saba au nane, mpe kocha muda, na yule mtoto wa miaka 19 mpe muda zaidi, kwa sababu ana wa kumshika mkono. Zikiwa mbili au tatu, basi hata wakimleta straika bora wa bara zima, mtakuwa mnamsajili mtu wa kuja kutazama wenzake wakijuana majina. Samatta alipewa miaka minne. Ukitaka Samatta mwingine, uliza kwanza kama klabu inayo hiyo miaka minne ya kumpa.